Hewa ya kabini inapochafuka: kutoka dalili hadi nyenzo iliyoshindwa kazi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi, mafundi wa maabara na wasomaji wengine wanaotaka kuelewa jinsi hitilafu za hewa ndani ya chombo cha anga za juu zinavyochunguzwa. Mifano mingi inatoka katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho kimekaliwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000 na ambacho, kwa sababu hiyo, kimekwisha kufichua udhaifu wa nyenzo nyingi ambazo katika majaribio ya duniani zilionekana hazina dosari.

Anayechunguza hitilafu za namna hii huvutwa kwanza na gesi iliyozidi, na hilo linaeleweka, kwa kuwa gesi hiyo ndiyo inayoumiza watu. Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba swali la kwanza liwe: maji yako wapi? Kila mwanaanga hutoa mvuke kwa pumzi na jasho mchana na usiku, na karibu kila nyenzo itakayotajwa hapa hubadilika tabia inapokutana na mvuke huo. Zeolaiti, madini yenye vitundu vinavyonasa gesi, huyapokea maji kwa pupa kuliko inavyoipokea kaboni dioksaidi. Mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vingi, hujaa maji katika vitundu vyake unyevu ukizidi. Baadhi ya vichocheo, yaani nyenzo zinazoharakisha mmenyuko wa kikemia, huacha kufanya kazi vikilowa. Na haidroksidi ya lithiamu, kinyume cha hao wote, hudhoofika hewa ikiwa kavu mno. Mchunguzi asiyejua unyevu wa hewa inayoingia katika kifaa anaweza kubadilisha nyenzo nzuri na kuiacha sababu yenyewe palepale.

Kaboni dioksaidi inapanda polepole katika kabini nzima

Mtu mmoja hutoa takriban kilo 1 ya kaboni dioksaidi kwa siku. Katika hewa ya kawaida duniani kanieneo (msukumo) ya gesi hii ni karibu milimita 0.3 za zebaki, ilhali ndani ya Kituo kiwango cha milimita 3 hivi, mara kumi ya kile cha duniani, kimekuwa jambo la kawaida. Kiwango kikizidi hapo, wanaanga huanza kulalamika kuumwa kichwa, kuchoka na kushindwa kutuliza akili katika kazi.

Katika sehemu ya Marekani ya Kituo, nyenzo iliyobeba mzigo huu kwa miaka mingi ni zeolaiti, yaani madini ya alumini na silikoni yenye vitundu vya ukubwa unaolingana, vidogo kiasi cha kuchagua molekuli ya kupita na ya kubaki. Mfumo wake una makasha manne. Hewa iliyokwisha kupozwa na kupunguzwa maji huingia kwanza katika kasha la kukausha, lenye jeli ya silika, ile ile inayowekwa kwa vipakiti ndani ya maboksi ya viatu vipya, pamoja na zeolaiti ya aina ya 13X. Ikishakauka hupita katika kasha la zeolaiti ya aina ya 5A, linalonasa kaboni dioksaidi, kisha hurudi kabini kupitia kasha la pili la kukausha, ambako huyachukua maji yaliyonaswa katika zamu iliyotangulia na kuyarudisha kwa wanaanga. Wakati huohuo kasha la pili la 5A hupashwa joto hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi na kufunguliwa kwenye ombwe la nje, au kuunganishwa na mtambo unaotumia tena gesi hiyo kutengeneza maji, ili liachie gesi liliyonasa. Baada ya saa mbili na ushei makasha hubadilishana zamu.

Uwezo wa mfumo ukishuka, mambo matatu yasomwe kwa pamoja na kamwe yasisomwe moja moja: kiwango cha kaboni dioksaidi kwenye tokeo (mahali hewa inapotokea) la kasha la 5A, tofauti ya kanieneo kati ya ingilio na tokeo, na kasi ya mtiririko wa hewa.

Iwapo mtiririko na tofauti ya kanieneo havijabadilika, lakini kaboni dioksaidi inatokeza mapema kabla zamu haijaisha, mshukiwa wa kwanza ni maji yaliyopenya hadi kwenye 5A. Huenda kasha la kukausha halikukauka vya kutosha katika zamu yake, huenda vali haifungi sawasawa na inapitisha hewa mbichi ya kabini, au huenda kipozaji kilicho mbele ya mfumo kinatoa hewa yenye unyevu kuliko ilivyokadiriwa. Dalili inayothibitisha ni mwendo wa hitilafu: maji hujilimbikiza zamu baada ya zamu, hivyo uwezo hushuka kwa siku nyingi badala ya kuanguka ghafla. Tiba ni kulipasha kasha joto kwa muda mrefu kuliko kawaida chini ya ombwe hadi maji yatoke. Uwezo ukirudi na kudumu, tatizo lilikuwa la kupita. Ukirudi kisha ukashuka tena kwa mwendo uleule, ujue mlango wa maji bado uko wazi, na kuendelea kulichoma kasha ni kupoteza umeme na kuichosha zeolaiti.

Iwapo tofauti ya kanieneo inapanda na mtiririko unapungua, tatizo ni vumbi. Punje za zeolaiti hutengenezwa kwa kuunganisha fuwele ndogo kwa udongo wa mfinyanzi, na punje hizo, zikipashwa joto na kupozwa mara maelfu huku zikisuguana, humeguka na kuwa unga. Hii ndiyo hitilafu iliyowasumbua wahandisi wa Kituo kuliko nyingine zote katika mfumo huu: unga uliziba nyavu za makasha na kuingia kwenye vali, vali zikakwama au zikaacha kufunga vizuri, na wanaanga wakalazimika kukifungua kifaa ambacho hakikukusudiwa kufunguliwa angani ili wakisafishe kwa mikono. Hapa napo maji yana mkono wake, kwa sababu punje iliyopashwa joto kali ikiwa na unyevu ndani hudhoofika haraka kuliko iliyo kavu. Ndiyo maana hitilafu hizi mbili hufuatana: kwanza uwezo hushuka kwa sababu ya maji, baadaye vumbi huanza, vumbi hukwamisha vali, na vali iliyokwama huleta maji zaidi. Atakayesafisha vumbi tu bila kuikagua vali ataitwa tena. Mfumo mpya wa makasha manne uliopelekwa Kituoni mwaka 2021 uliundwa kwa kuzingatia mateso hayo. Makasha yake ni ya duara badala ya pembe nne, ili hewa na joto visambae sawasawa, na kaboni dioksaidi hunaswa kwa zeolaiti ya aina ya 13X.

Iwapo mtiririko na tofauti ya kanieneo ni sawa, maji hayajapenya, na bado gesi inapita, angalia upande wa kuachia. Kasha lisilofikia joto lake, kwa mfano kwa sababu kipashio kimoja kimekatika, au lisilopata ombwe la kutosha kwa sababu mrija umeziba au unavuja, huanza zamu yake likiwa bado limebeba gesi ya zamu iliyopita.

Nyenzo nyingine inayofanya kazi hii ni amini ngumu, yaani amini (msombo wa nitrojeni) iliyopakwa juu ya vishanga vyenye vitundu, na vyombo vya Marekani vya Shuttle vilivyofanya safari ndefu vilikuwa na mfumo wa namna hiyo. Amini hunasa maji pamoja na kaboni dioksaidi na haihitaji joto kali, lakini joto likizidi huharibika na kutoa amonia. Kwa hiyo harufu ya amonia katika chombo chenye mfumo wa amini ichunguzwe kwanza kwenye mfumo huo, kabla mtu hajaanza kutafuta mahali pengine.

Mwanaanga anaumwa kichwa, lakini kipimo cha kabini hakina neno

Katika hali hii nyenzo mara nyingi haina kosa lolote. Pasipo uzito, hewa yenye joto haipandi na hewa baridi haishuki, hivyo pumzi ya mtu aliyelala hubaki ikimzunguka usoni isipoondolewa na feni. Kipimo kilichofungwa kando ya njia kuu ya hewa hakiwezi kuliona wingu hilo. Kagua feni ya kijumba cha kulala na vyandarua vya matundu ya hewa, ambavyo hukusanya nyuzi za nguo, nywele na ngozi iliyobanduka kwa haraka isiyotarajiwa na mtu aliyezoea kuona vumbi likitua sakafuni. Kisha pima hewa kwa kifaa cha mkononi mahali pale mtu anapolalamikia, na pima akiwa amekaa hapo kwa muda, kwa kuwa anayeingia na kutoka huichanganya hewa. Hali kadhalika, mtu anayefanya kazi nyuma ya paneli, kichwa chake kikiwa ndani ya nafasi finyu, hana budi kuelekezewa bomba la hewa.

Mkebe wa haidroksidi ya lithiamu unaisha kabla ya muda wake

Haidroksidi ya lithiamu ilitumika katika vyombo vya Marekani vya Mercury, Gemini, Apollo na Shuttle, na hadi leo hutunzwa kama akiba kwa sababu haihitaji umeme zaidi ya ule wa feni. Huungana na kaboni dioksaidi ikawa kabonati ya lithiamu na maji, na hairudi tena ilivyokuwa. Kwa hesabu ya kikemia kilo 1 hunasa kilo 0.92 za kaboni dioksaidi, kwa hiyo mtu mmoja kwa siku 180 angehitaji karibu kilo 200 hata kama hakuna chembe iliyopotea bure. Hesabu hiyo ndiyo iliyowaelekeza wahandisi kwenye zeolaiti tangu enzi ya Skylab, kituo cha anga za juu cha Marekani, mwaka 1973.

Mkebe ukiisha mapema, gusa ukuta wake kwanza. Mmenyuko huu hutoa joto, basi mkebe unaofanya kazi huwa na uvuguvugu, na mkebe uliopoa ilhali hewa inapita ni mkebe uliokwisha au unaopitwa kando. Ukiwa na joto upande mmoja tu, punje zimeshindiliwa na mtikisiko wa kurushwa na kuacha mwanya, na hewa imechagua njia hiyo rahisi. Ukiwa umepoa pote tangu mwanzo, kagua unyevu wa hewa, kwa kuwa haidroksidi huhitaji maji kidogo ili mmenyuko uende vizuri, na kagua muhuri wa mkebe, kwa kuwa uliokaa wazi ghalani ulikuwa ukinasa kaboni dioksaidi ya ghala siku zote hizo. Kikohozi, macho kuwasha na ladha chungu kooni ni dalili za unga wa haidroksidi uliovuja, na unga huo huunguza. Mkebe ufungwe, hewa ipitishwe kwenye chujio laini la chembe, na macho yaoshwe kwa maji mengi.

Lipo pia tatizo ambalo kemia hailioni. Aprili 1970, katika safari ya Apollo 13, Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise walijihifadhi ndani ya chombo cha kutua mwezini, kilichokuwa kimeandaliwa kwa watu wawili na kwa muda mfupi. Kaboni dioksaidi ilianza kupanda ingawa haidroksidi ya lithiamu ilikuwa tele katika chombo kikuu, kwa sababu mikebe ya chombo kikuu ilikuwa ya pembe nne na nafasi za chombo cha kutua zilikuwa za mikebe ya duara. Wahandisi wa kituo cha udhibiti cha Houston, Marekani, walibuni kiunganishi cha mifuko ya plastiki, karatasi ngumu, mabomba ya mavazi ya anga na utepe wa gundi, wanaanga wakakiunda kwa kufuata maelezo ya redio, na gesi ikashuka. Funzo lake katika uchunguzi ni la moja kwa moja: kabla ya kuilaumu nyenzo, hakikisha hewa inaifikia.

Kuna harufu

Pua ni chombo kizuri cha kupimia kwa dakika chache za mwanzo, kisha huzoea. Kwa hiyo aliyetoka sehemu nyingine ya chombo ndiye aulizwe, na aulizwe mapema.

Harufu na mivuke ya kikaboni, yaani ya misombo yenye kaboni kama ile ya vimumunyisho, huondolewa na mkaa amilifu. Katika mfumo wa kudhibiti vichafuzi vidogo wa Kituo kuna kasha la mkaa la kilo 22 hivi, uliolowekwa asidi ya fosforiki ili kunasa amonia, ambayo mkaa mtupu hauwezi kuinasa. Mkaa huo hushindwa kwa namna tatu zinazotofautishwa na wakati harufu inapotokea.

Harufu ikija pole pole na kuzidi kwa majuma, mkaa umejaa. Hapa tahadhari inahitajika, kwani mkaa uliojaa hauishii kuacha kunasa tu: molekuli nzito zinazoendelea kuingia huzisukuma nje zile nyepesi zilizotangulia, na kwa kipindi fulani hewa inayotoka huwa na mvuke fulani mwingi kuliko hewa inayoingia. Ukiuona mgeuko huo katika vipimo, badilisha mkaa bila kusubiri tarehe iliyopangwa. Harufu ikitokea baada ya unyevu kupanda, maji yamechukua nafasi katika vitundu, na mkaa huenda ukapata nafuu hewa ikikaushwa. Na harufu ikizuka ghafla baada ya kitu kupashwa joto, usiulaumu mkaa, tafuta kilichopashwa. Februari 2002 wanaanga wa Kituo walipasha moto mikebe ya oksidi ya metali inayotumika katika mavazi ya kutembea nje, ili kuirudishia uwezo wa kunasa kaboni dioksaidi, na harufu mbaya ikaenea hadi wakahamia sehemu ya Urusi wakati hewa ikisafishwa. Mikebe hiyo, ilipokuwa imehifadhiwa, ilikuwa imenasa mivuke ya kabini, na joto liliitoa yote kwa mpigo. Nyenzo yoyote inayonasa gesi moja kwa makusudi hunasa nyingine bila kukusudiwa, na mafundi wengi hulisahau jambo hili.

Metani au monoksidi ya kaboni inaongezeka

Mkaa haushiki metani, haidrojeni wala monoksidi ya kaboni kwa kiasi cha maana, na ndiyo sababu sehemu ya hewa hupelekwa kwenye kichocheo cha metali ya paladiamu kilichopakwa juu ya alumina (oksidi ya alumini) na kupashwa joto hadi karibu nyuzi 400, ambako gesi hizo huunguzwa. Metani ni ngumu kuunguza kuliko nyingine. Ikianza kupanda huku monoksidi ya kaboni ikiwa chini, kichocheo kimepungukiwa na joto au kimeanza kutiwa sumu, na bado una muda. Zikipanda zote mbili, kichocheo kimekufa au hewa haikifikii.

Soma joto kwanza. Joto likiwa sahihi, tafuta sumu: misombo ya salfa, au siloksani (misombo ya silikoni na oksijeni), ambazo zikiungua huacha utando wa silika juu ya paladiamu. Halojeni, yaani klorini, florini na jamaa zake, zina madhara ya aina yake, kwa sababu gesi za kupozea zikiungua hutoa asidi. Kwa ajili hiyo baada ya kichocheo kuna kasha la haidroksidi ya lithiamu linalozimaliza asidi hizo. Likichoka, utaona kutu kwenye metali ya mabomba yanayofuata kabla pua haijahisi chochote.

Maji ya kunywa yanaonyesha kaboni ya kikaboni isiyo na maelezo

Mwaka 2010 maji yaliyosafishwa Kituoni yalianza kuonyesha ongezeko la jumla ya kaboni ya kikaboni, yaani kaboni iliyomo katika misombo ya kikaboni iliyoyeyuka majini. Ilibainika kuwa kisababishi ni dimethilisilanidioli, molekuli ndogo inayoyeyuka vizuri katika maji na inayopenya makasha ya kusafishia maji. Asili yake haikuwa katika maji. Siloksani, ambazo zimo katika vipodozi, mafuta ya ngozi, gundi na vilainishi vingi, hupeperuka katika hewa ya kabini, huvunjika na kuishia kwenye maji yanayokusanywa kutokana na mvuke wa kipozaji. Utando wa kipozaji unaofanya maji yatandae badala ya kufanya matone huathirika pia, matone huruka na hewa, na tumerudi pale pale pa unyevu unaofika usikotakiwa. Wahandisi waliongeza vichujio vyenye mkaa mbele ya vipozaji. Kwa anayechunguza, hatua ya maana zaidi ni kupitia orodha ya vitu vya kujisafishia mwili vilivyoingia chomboni miezi ya karibuni, kabla ya kubadilisha kasha hata moja.

King'ora kinalia, au kuna moshi

Januari 14, 2015 wanaanga wa Kituo walikimbilia sehemu ya Urusi baada ya vipimo vya kanieneo kuashiria kwamba huenda amonia ya mfumo wa nje wa kupozea imeingia ndani. Baadaye ilibainika kwamba hakukuwa na uvujaji na kosa lilikuwa la kifaa cha kompyuta. Walifanya sawa kuondoka kwanza. Kwa amonia na kwa moshi, uchunguzi hufuata baada ya watu kuwa salama, na mashaka yote yaegemee upande wa hatari.

Moto ukitokea, kama ule wa Februari 1997 katika kituo cha anga cha Urusi cha Mir ulioanzia kwenye mtungi wa kutoa oksijeni kwa kemikali, monoksidi ya kaboni ndiyo adui asiyeonekana. Barakoa za kuchuja huiondoa kwa vichocheo, na mojawapo ya kale ni hopkalaiti, mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba, ambayo mvuke wa maji huizima. Barakoa ya namna hiyo huwekewa kikaushi mbele ya kichocheo. Ikiwa mfuko wake ulifunguliwa au muhuri umechanika, usiitumie, hata kama tarehe yake haijapita na rangi yake haijabadilika. Ihesabu kuwa imekwisha na chukua nyingine.